Chai kabla ya sukari: sayansi ya kuonja na kulinganisha majani

Kabla ya kila mnada wa chai wa Mombasa, sampuli kutoka Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na nchi nyingine za Afrika huwafikia madalali na wanunuzi. Katika vyumba vyao vya kuonjea, vikombe vyeupe hupangwa safu ndefu juu ya meza, kila kimoja pamoja na majani yake makavu na yale yaliyokwisha kuloweshwa. Mwonjaji hupita na kijiko, huivuta chai kinywani kwa nguvu hadi sauti isikike, huizungusha kidogo, huitema, kisha husogelea kikombe cha pili. Kwa sekunde hizo chache anajua kama chai ile ina uzito, kama imechangamka, kama iliungua kwenye kikaushio au imezeeka ghalani. Bei ya mnadani hutegemea sana uamuzi huo.

Wengi hudhani hicho ni kipaji cha kuzaliwa. Kipaji kipo, lakini sehemu kubwa ya kazi ile ni utaratibu, na utaratibu hufundishika. Kenya inaongoza duniani kwa kuuza chai nyeusi nje ya nchi, na majirani zake wana milima yenye chai ya kuheshimika. Lakini majumbani kwetu jani huingia sufuriani pamoja na maziwa na sukari tangu mwanzo, na tofauti kati ya chai ya Kericho na ya Mufindi hupotea kabla mtu hajanywa. Chai ya maziwa ni tamu, nami naipenda. Ila anayetaka kuijua chai hana budi kuionja kwanza ikiwa peke yake, tena kando ya mwenzake. Eneo linalolima chai hii linastahili wanywaji wanaoweza kuitambua.

Gramu mbili, dakika sita

Mwaka 1980 shirika la kimataifa la viwango, ISO, lilichapisha kiwango namba 3103 kinachoeleza jinsi ya kuandaa chai kwa ajili ya kuonja. Kiini chake ni chepesi: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyotoka kuchemka, katika chombo cha kauri chenye kifuniko, kwa dakika 6.

Chai ya namna hiyo huwa kali kuliko wengi wanavyoipenda, na ukali huo ni wa makusudi, maana ndipo kasoro hujitokeza. Kiwango hiki hakitafuti kikombe kitamu. Kinatafuta haki kati ya vikombe. Ukionja chai mbili na moja ikawa imekaa dakika tatu na nyingine dakika saba, ulichokilinganisha ni muda, si majani. Msingi wa jaribio lolote la sayansi ni huohuo: badilisha jambo moja, mengine yote yaache yalivyo.

Ndiyo maana kijiko kinadanganya. Punje ndogo za chai hushikamana vizuri kijikoni na kuwa nzito, ilhali majani marefu yaliyosokotwa huacha nafasi tupu katikati, na mchaichai mkavu ni mwepesi zaidi. Kijiko kimoja cha kila aina ni vipimo vitatu tofauti. Mizani ndogo ya jikoni huondoa shida hiyo.

Kinywani mna mambo matatu

Tunachokiita ladha ya chai ni mkusanyiko wa hisi tatu, na mwonjaji hujifunza kuzitenganisha.

Ya kwanza ni ladha yenyewe, ile inayopokelewa na ulimi: utamu, uchungu, uchachu, chumvi, na ile ladha nzito ya mchuzi ambayo mwanakemia Mjapani Kikunae Ikeda aliitambua mwaka 1908 na kuiita umami. Katika chai, uchungu hutokana kwa sehemu na kafeini. Binadamu ana takriban aina 25 za vipokezi vya uchungu, na jeni za vipokezi hivyo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Ndugu wawili wanaweza kunywa kikombe kimoja, mmoja akaona uchungu na mwingine asiuone, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Ya pili ni harufu. Ziba pua, kunywa funda la chai ya mchaichai, kisha achia. Ukiwa umeziba utahisi maji ya moto yenye ladha hafifu tu; ukiachia, harufu kama ya limau hujaa ghafla. Hewa yenye harufu hupanda kutoka kooni hadi puani kwa nyuma. Mvuto ule wenye kelele wa waonjaji una kazi hiyo: huitawanya chai kuwa matone madogo, huipoza, na kuisukuma harufu yake kuelekea puani.

Ya tatu ni ukakasi, ule ukavu unaokamata mashavu na ulimi baada ya kula bibo la korosho. Huu si ladha, ni mguso. Polifenoli za chai hushikamana na protini za mate, protini hizo hujikusanya mabongemabonge, na utelezi wa mate hupungua. Maziwa hulainisha chai kwa sababu protini yake, kaseini, hunaswa na polifenoli hizohizo. Na kwa kuwa ukakasi hujilimbikiza funda baada ya funda, mwonjaji makini huanza na chai nyepesi, humaliza na nzito, na husuuza kinywa kwa maji katikati.

Mmea mmoja, chai nyingi

Chai nyeupe, ya kijani, ya oolong na nyeusi hutoka kwenye mmea mmoja, Camellia sinensis. Tofauti kubwa huja baada ya mkono kuchuma majani mawili na chipukizi.

Ndani ya jani bichi mna polifenoli zinazoitwa katekini, na mahali pengine ndani ya seli mna kimeng'enya kinachoweza kuzibadilisha. Jani likiwa zima, viwili hivi havikutani. Likipondwa, hukutana na kupata oksijeni. Mtengenezaji wa chai ya kijani huzuia jambo hilo mapema kwa joto: Japani kwa kawaida hutumia mvuke, China hutumia sana karai la moto. Mtengenezaji wa chai nyeusi hulinyausha jani, huliponda au kulisokota, kisha huliacha libadilike rangi kabla ya kulikausha. Viwandani hatua hiyo huitwa kuchachusha, ingawa kinachofanya kazi ni kimeng'enya cha jani lenyewe, wala si hamira.

Katika hatua hiyo katekini hugeuka kuwa theaflavini, zinazoipa chai wekundu wa machungwa unaong'aa na ule mchangamko ulimini, kisha thearubigini, zinazoipa rangi ya kahawia na uzito. Hatua ikikatizwa mapema mno, chai hubaki na ubichi. Ikirefushwa mno, theaflavini hupungua na chai hupooza. Mwonjaji anapotazama rangi ya kikombe kabla ya kuonja, anasoma saa ya kiwandani.

Namna ya kulivunja jani nayo huonekana. Chai nyingi ya Kenya hupitishwa kwenye roli zenye meno zinazoponda, kurarua na kuviringisha majani kuwa punje. Hupata rangi upesi na kustahimili maziwa vizuri. Njia ya zamani ya kusokota huacha majani marefu, hutoa rangi polepole, na mara nyingi huhifadhi zaidi harufu za maua zinazotokana na kemikali kama linalooli na geranioli. Weka aina hizi mbili kando kwa kando, kwa gramu na dakika zilezile: moja itatangulia kwa nguvu, nyingine kwa harufu.

Chai ya kijani ina siri yake. Jani la chai lina theanini, inayochangia ile ladha ya mchuzi. Jua husaidia kuigeuza kuwa katekini, kwa hiyo wakulima wa Japani hufunika mashamba ya gyokuro na ya matcha kabla ya kuchuma ili theanini ibaki nyingi. Chai za namna hiyo huandaliwa kwa maji yasiyochemka sana. Maji ya moto mkali huvuta katekini na kafeini kwa wingi, na uchungu huufunika utamu.

Maji ya Mombasa si maji ya Kericho

Maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi ukiwa usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, shinikizo la hewa hupungua na maji huchemka mapema, kwa wastani nyuzi moja pungufu kila mita 300 hivi. Mombasa birika huchemka kwa nyuzi 100; Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, ni kama 94; Kericho, karibu mita 2,000, ni kama 93. Kwa hiyo chai ileile inayoonjwa kiwandani mlimani na baadaye bandarini haiandaliwi kwa joto lilelile, hata kama pande zote mbili zimechemsha maji ipasavyo.

Kuna pia chumvichumvi za ardhini. Visima vingi vya pwani huchota maji yaliyopita kwenye mwamba wa matumbawe na kubeba kalisi nyingi. Kalisi huifanya chai ipoteze mng'ao na kuota utando juu. Ukiona utando huo, usimlaumu mkulima mpaka uijaribu chai hiyo kwa maji mengine.

Mchaichai, choya na tangawizi

Vinywaji vya mimea mingine huonjwa kwa macho mengine. Mchaichai, choya, tangawizi na mnanaa si majani ya Camellia sinensis na havina kafeini. Vingi havina ukakasi wa chai nyeusi, hivyo vinaweza kukaa dakika kumi bila kuharibika. Kinachotakiwa ni kifuniko, kwa sababu thamani yake kubwa ni mafuta ya harufu yanayoruka na mvuke.

Harufu ya mchaichai hutokana hasa na sitrali, ambayo pia imo kwenye ganda la limau. Linganisha majani mabichi na makavu ya shina moja: tofauti utakayoinusa ni mafuta yaliyopotea katika kukauka.

Tangawizi haiunguzi ulimi, ila ulimi hupokea ishara ya kuungua. Gingeroli yake huamsha kipokezi cha joto na maumivu kiitwacho TRPV1, kilichotambuliwa mwaka 1997 na kundi la David Julius, aliyekuwa miongoni mwa washindi wawili wa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021. Tangawizi ikikaushwa, sehemu ya gingeroli hugeuka shogaoli, iliyo kali zaidi. Mentholi ya baadhi ya aina za mnanaa hufanya kinyume: huamsha kipokezi cha baridi.

Choya hufundisha kwa rangi. Wekundu wake ni wa anthosianini, ambazo hubadilika kulingana na uchachu. Ukitia chembe ya magadi kwenye choya uliyoitenga kwa jaribio, wekundu hugeuka kuelekea bluu au kijani. Anthosianini zimo pia katika chai ya zambarau, aina ya TRFK 306 iliyotolewa na watafiti wa Kericho mwaka 2011. Itie limau uone inavyoelekea waridi. Kisha tia limau kwenye chai nyeusi ya kawaida: itapauka, maana thearubigini nazo huitikia uchachu.

Kuna mpaka mmoja wa kuheshimu. Kuonja hukuambia mmea una harufu gani, uko hai au umezeeka. Hakukuambii kama unatibu. Mwenye ugonjwa au anayetumia dawa amuulize mhudumu wa afya, asiuulize ulimi.

Jaribio la vikombe vitatu

Anayetaka kuanza atafute chai mbili, mizani, saa na vikombe vyeupe vya kufanana. Aangalie majani makavu, anuse yaliyoloweshwa, atazame rangi, kisha aonje chai ikiwa vuguvugu, kwani moto mkali huficha mengi. Aandike kila kitu kwa maneno yake mwenyewe: maua, nyasi mbichi, moshi, asali, karatasi. Maziwa na sukari vije mwishoni, navyo kwa kipimo sawa.

Halafu ajipime. Mwenzake ajaze vikombe vitatu bila yeye kuona, viwili vya chai moja na kimoja cha nyingine. Kazi yake ni kukitaja kile cha pekee. Kwa kubahatisha tu atapatia mara moja kati ya tatu. Akipatia mara tano mfululizo, uwezekano wa kupatia hivyo kwa kubahatisha tu ni 1 kati ya 243, na hapo anaweza kusema kwa haki kwamba anaisikia tofauti.

Ningependa jaribio hili lifike kwanza kwa wanaochuma. Majani yaliyoshindiliwa gunia na kukaa juani hupondeka, hupata joto, na huanza kubadilika kabla ya kufika kiwandani. Kasoro hiyo haiondoki tena, na mwonjaji wa Mombasa huikuta kikombeni. Mkulima wa Nandi, Rungwe au Lupembe huambiwa mara nyingi ashike majani kwa uangalifu. Akiandaliwa vikombe viwili, kimoja cha majani yaliyotunzwa na kingine cha yaliyoshindiliwa, atakuwa na sababu yake mwenyewe ya kufanya hivyo, na atakuwa na la kusema bei ya chai yake inapojadiliwa.