Vifua Vitatu vya Makongeni

Watoto wa Makongeni, sogeeni karibu. Leo nina hadithi ya watu watatu wanaokosa pumzi. Watu hao nimewatunga mwenyewe, msije mkadhani namsema jirani wa mtu. Ugonjwa wao sikuutunga. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, uliua watu wapatao milioni 3.5 mwaka 2021, ukawa wa nne kati ya mambo yote yanayoua binadamu wengi zaidi. Madaktari huuita ugonjwa sugu wa kuziba mapafu. Mtaani kwetu utasikia tu kwamba fulani ana kifua, au ana pumu, au watu watanong'onezana kuwa ni TB.

Wa kwanza ni guka, yaani babu. Alikuja huku Thika akiwa kijana kutafuta kazi viwandani, na sigara alianza kuvuta akiwa na umri wa kaka zenu. Siku hizi amekonda, koti lake la zamani linampwaya. Akipanda ngazi za ploti huketi katikati, huinamia mbele mikono ikiwa magotini, kisha hutoa pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa. Kukohoa, hakohoi sana.

Wa pili ni dereva mstaafu wa matatu za Thika na Nairobi. Naye alivuta sigara miaka na miaka. Huyu ni mnene. Kila asubuhi majirani huamka kwa kikohozi chake na makohozi yake, na jioni miguu yake huvimba hata viatu havimtoshi. Ana kisukari, ana presha.

Wa tatu ni shosho, yaani bibi, ambaye sigara hajaigusa maisha yake yote. Alilelewa Murang'a katika jiko la kuni ambalo paa lake lilikuwa jeusi tititi kwa masizi. Alipohamia huku aliuza chapati na githeri, jiko la makaa likiwa mbele yake tangu alfajiri. Zamani aliugua TB, akameza dawa zote, akapona. Pumzi yake haikurudi yote.

Sasa wapelekeni wote watatu wakapimwe kwa spiromita, kifaa alichokitangaza daktari John Hutchinson wa London mwaka 1846. Unajaza kifua hewa hadi mwisho, kisha unapuliza kwa nguvu zako zote, na mpimaji anaangalia ni kiasi gani kimetoka katika sekunde ya kwanza. Katika ugonjwa huu, sekunde hiyo hutoa chini ya asilimia 70 ya hewa yote unayopuliza, hata ukiisha kuvuta dawa ya kufungua njia. Tuseme wote watatu wamepata kipimo kilekile. Jina la ugonjwa ni moja na namba ni moja. Je, wataishi miaka sawa? Hapo ndipo madaktari wamesumbuka kwa miongo mingi, na hapo ndipo hadithi yangu ilipo.

Tuchungulie ndani ya vifua vyao. Mapafu yana vifuko vidogo vya hewa, mamilioni kwa mamilioni, na mapafu mazima huvutika na kujirudi kama blada mnayorukia uwanjani. Ya guka ni blada iliyochakaa. Moshi wa sigara umekula kuta za vifuko, vingi vimeungana vikawa matundu makubwa, na hewa ikishaingia haina kinachoisukuma itoke. Hiyo ni emfizema. Dereva ana mkamba wa kudumu: njia zake za hewa zimevimba, zinatoa ute mwingi, na damu yake inakosa oksijeni ya kutosha hadi moyo unachoka kusukuma. Tukija kwa shosho, wanaovuta moshi wa kuni kwa miaka mingi huonekana kuwa na matundu machache kuliko wavuta sigara. Kinachoharibika zaidi kwao ni njia nyembamba, ambazo hukakamaa na kusinyaa. Na TB nayo ilimwachia makovu yake.

Katika miaka ya 1950 madaktari wa Uingereza waliwagawa wagonjwa hawa kwa rangi. Waliofanana na guka wakaitwa wahemaji wa waridi, waliofanana na dereva wakaitwa waliovimba wa buluu, kwa kuwa damu isiyo na oksijeni hubadilisha rangi ya midomo na mashavu. Mgawanyo huo ulienea vitabuni kote duniani. Lakini ulitokana na nyuso za Wazungu! Shavu la mtu wa Makongeni halitaonyesha buluu. Huku daktari makini humwambia mgonjwa atoe ulimi, hutazama ndani ya mdomo, hutazama kucha.

Mngefikiri mashine zimelimaliza tatizo hilo. Kuna kile kidude kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni, mmekiona hospitalini tangu wakati wa Korona. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitangaza kwamba kidude hicho kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa Weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa Wazungu. Mwanga wake hupita kwenye ngozi kabla ya kusoma damu. Jambo hili linanikera, kwa sababu namba ya kidoleni ndiyo inayoamua nani apewe mtungi wa oksijeni.

Na mtungi huo una habari yake. Mwaka 1981 Waingereza walichapisha utafiti wa wagonjwa 87 waliokuwa na upungufu mkubwa wa oksijeni. Wengine walivuta oksijeni nyumbani angalau saa 15 kila siku, wengine hawakupewa. Katika miaka mitano walikufa 19 kati ya 42 waliopewa, na 30 kati ya 45 ambao hawakupewa. Basi mtu angesema kila mwenye ugonjwa huu apewe mtungi. Mwaka 2016 Wamarekani wakatoa matokeo ya wagonjwa 738 ambao upungufu wao ulikuwa wa wastani tu. Oksijeni haikuwaongezea maisha, wala haikuwapunguzia safari za hospitali. Hewa ile ile, ugonjwa wenye jina lile lile, aina tofauti ya mgonjwa.

Basi watafiti wakaacha rangi, wakaanza kuwapima watu kila upande na kuiachia kompyuta itafute nani anafanana na nani. Huko Hispania waliwachukua zaidi ya wagonjwa 300, wote wakiwa wamelazwa kwa mara ya kwanza kwa ugonjwa huu, wakawafuata kwa miaka minne na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Yalijitokeza makundi matatu. La kwanza, mapafu yake yalikuwa mabovu sana, nalo lililazwa mara nyingi zaidi kwa kifua na kufa zaidi. La pili lilikuwa na nafuu. La tatu ndilo la dereva wetu: mapafu yenye nafuu karibu sawa na ya kundi la pili, lakini watu wengi walikuwa wanene, wenye kisukari na maradhi ya moyo. Hao ndio waliolazwa zaidi kwa sababu ya moyo. Kwa hiyo ukimpa dereva inhela ya kifua na kusahau presha yake, hujamtibu.

Na guka? Mwaka 2004 daktari Bartolome Celli na wenzake walionyesha kwamba ukitaka kukisia nani yuko hatarini, spiromita peke yake haitoshi. Weka kwenye hesabu uzito wa mgonjwa, weka jinsi anavyokosa pumzi katika shughuli za kawaida, kisha mwambie atembee dakika sita, uone amefika wapi. Kukonda kunahesabiwa kuwa hatari. Ndiyo maana guka akiacha nusu ya ugali kwenye sahani, jambo hilo ni la kumwambia daktari, pamoja na lile la sigara. Akiacha sigara hata leo, mapafu hayatarudi upya, ila kasi ya kuchakaa itapungua.

Msidhani haya ni ya wazee peke yao. Huko Masindi, Uganda, watafiti waliwapulizisha spiromita watu wazima wa vijijini wenye umri wa zaidi ya miaka 30 na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Karibu 16 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa huu, na takriban wanne kati ya kila kumi waliougua walikuwa na miaka 30 hadi 39. Zaidi ya tisa kati ya kila kumi waliopimwa walikuwa wakiishi na moshi wa kuni na mabaki ya mazao. Mapafu hukua hadi miaka ya ishirini na kitu. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo wa 2015 ulionyesha kwamba takriban nusu ya wagonjwa walikuwa na mapafu ambayo hayakufikia nguvu yake kamili ujanani, ingawa yalichakaa kwa mwendo wa kawaida. Kwa hiyo mtoto anayefanya homuwaki kando ya jiko la makaa, mlango ukiwa umefungwa, ni mhusika wa hadithi hii.

Mmebaki mkinitazama kwa ajili ya shosho. TB yake imekwisha, kwa hiyo dawa za TB hazitamsaidia. Inhela itamsaidia kiasi. Jiko lake linaweza kutolewa nje, au pesa zikipatikana awashe gesi. Na kuna jambo lililojaribiwa karibu nasi, katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Watu waliopona TB lakini wakabaki na mapafu mabovu waliitwa mara mbili kwa wiki, kwa wiki sita, wakafanyishwa mazoezi ya kutembea na ya kutia misuli nguvu, wakafundishwa kutunza pumzi zao. Wengi walikuja hadi mwisho. Walipopimwa tena walikuwa wanatembea mbali zaidi kuliko siku ya kwanza, na waliolalamika maumivu ya kifua walikuwa wamepungua. Mapafu yalikuwa na makovu yaleyale. Miguu ndiyo iliyokuwa imejifunza kutumia vizuri hewa kidogo iliyopo.