Tabaka Moja, Majina Manne

Mwanafunzi wa jiolojia anayeanza kusoma habari za bonde la Mto Ruhuhu, kusini mwa Tanzania, hukutana na kitendawili mapema. Mwaka 1932, G. M. Stockley aliyagawa matabaka ya miamba ya huko, yaitwayo Karoo, kwa alama, K1 hadi K8. Tabaka la K6, lenye mifupa ya wanyama wa kale, aliliita pia Tabaka la Chini la Mifupa. Mwaka 1963 Alan Charig akalipa jina Kawinga. Miaka ya 1990 Hubert Wopfner na wenzake wakaliita Usili.

Mwamba haukusogea hata shubiri. Lakini mwanafunzi akitafuta neno “Usili” peke yake, karibu miaka sitini ya kazi ya waliomtangulia itampita.

Ndiyo maana wanajiolojia hutunza faharasa za majina ya miamba. Tabaka halipewi jina kiholela: kwa kawaida huitwa kwa jina la mahali linapoonekana vizuri, na mwandishi hutakiwa kueleza katika chapisho mipaka yake, unene wake na eneo la kielelezo ambalo wengine wanaweza kwenda kulihakiki. Kabla ya hapo hukagua kama jina hilo limekwisha kuchukuliwa kwingine.

Marekani imeifanya kazi hiyo kwa bidii ya miaka mingi. Shirika lake la jiolojia, USGS, lilianzishwa mwaka 1879, na kadiri ramani zilivyoongezeka, majina nayo yaliongezeka. Mwaka 1938 Grace Wilmarth alichapisha kamusi ya majina hayo katika majuzuu mawili yenye kurasa zaidi ya 2,000. Leo kazi hiyo inaendelea katika hifadhidata iitwayo Geolex, iliyo wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Humo kila jina lina umri wa mwamba, majimbo unakopatikana, na orodha ya maandishi yaliyolianzisha au kulibadilisha. Jina lililoachwa halifutwi. Hubaki na maelezo kwamba limeachwa, ili msomaji wa ripoti ya zamani asipotee.

Maandishi yenyewe yana faharasa yao. GeoRef, iliyoanzishwa mwaka 1966 na taasisi ya wanajiolojia wa Marekani, ina kumbukumbu zaidi ya milioni nne za vitabu, makala, ramani na tasnifu kutoka duniani kote. Nguvu yake ni istilahi zake: kila chapisho hupachikwa maneno kutoka orodha moja iliyokubaliwa, hivyo waandishi waliotumia maneno tofauti kwa jambo lilelile hukutana mahali pamoja.

Umuhimu wa kuunganisha maandishi ya zamani na mapya unaonekana palepale Ruhuhu. Mwaka 1933 Francis Parrington aliokota mifupa katika tabaka la Manda, lile K8 la Stockley. Charig aliichunguza katika tasnifu yake ya miaka ya 1950, na mifupa hiyo ikakaa makumbushoni London. Mwaka 2015 watafiti walirudi kusini mwa Tanzania na kupata mifupa zaidi ya mnyama yuleyule, karibu na mahali pa awali. Miaka miwili baadaye alitangazwa rasmi kwa jina Teleocrater, ndugu wa mapema wa ukoo uliozaa dinosaria na ndege. Karibu miaka 84 ilikuwa imepita tangu Parrington aiinue mifupa ile ya kwanza.