Mbele ya testama, tafuta karatasi tatu: namna ya kusaidia wazazi wetu kupanga urithi

Kilio kimeisha. Viti vya kukodi vimerudishwa, wageni wa kijijini wamepanda gari. Jioni hiyo hiyo baba wadogo wanakaa sebuleni na kuuliza: "Karatasi za parseli ziko wapi?" Mjane ananyamaza. Mtoto mkubwa anasema ziko kwake. Mwingine anasema muzee alimwambia, siku mbili mbele ya kufa, kwamba nyumba ya barabarani ni yake. Na mlangoni amesimama kijana ambaye wengi hawamjui, anasema naye ni mtoto wa marehemu.

Mtu wa Bukavu, Goma, Uvira, Beni ao Bunia amekwisha kuona kikao cha namna hii. Kinaanza kwa sala, kinaishia tribinali. Halafu watu wanasema: "Kama muzee angeacha testama, haya yote hayangefika." Ni kweli, lakini nusu. Testama inasaidia, ila inategemea karatasi tatu: ya ndoa, ya watoto, na ya udongo. Hizo tatu mzazi anaweza kuzitengeneza akiwa hai, kwa kwenda mara chache komini. Akisha kufa, zinakuwa kesi. Hapo ndipo sisi watoto tunaweza kusaidia.

Kama hakuna testama, nani anapata nini?

Wengi wanafikiri kwamba bila testama, jamaa ya baba ndiyo inakata maneno. Hapana. Sheria ya jamaa (Code de la famille) ya 01/08/1987, iliyogeuzwa na kukamilishwa tarehe 15/07/2016, imekwisha kupanga.

Jambo la kwanza, ambalo linasahauliwa sana: si mali yote ni ya marehemu. Kama siku ya ndoa wazazi hawakuchagua utaratibu mwingine, sheria inawaweka katika ule unaoitwa "communauté réduite aux acquêts". Ni kusema, walichopata pamoja baada ya kuoana ni cha wote wawili. Kwa hiyo, mbele ya kugawa urithi, nusu ya mali hiyo inatoka kwanza na kubaki kwa yule aliye hai. Nusu hiyo haiko zawadi, ni mali yake.

Kinachobaki ndicho urithi, na kinagawanywa hivi. Watoto wanapata robo tatu, sawa kwa sawa. Sheria haitengi mvulana na msichana, wala mtoto wa ndani ya ndoa na wa nje ya ndoa, mradi huyu wa nje baba alimtambua akiwa hai. Mtoto wa kupanga (aliyefanyiwa adoption) naye yumo. Kama mtoto mmoja alitangulia kufa, watoto wake wanachukua nafasi yake. Robo inayobaki inakwenda kwa makundi matatu: mke ao mume aliyebaki, baba na mama wa marehemu, na ndugu za marehemu. Kama makundi yote matatu yapo, kila moja linapata sehemu moja ya kumi na mbili (1/12).

Tuchukue mfano. Baba na mama walinunua parseli mbili katika ndoa yao, bei yake kwa jumla ni dola 24.000. Baba anakufa, anaacha watoto sita. Dola 12.000 ni za mama. Katika 12.000 zinazobaki, watoto wanapata 9.000, yaani 1.500 kila mmoja. Zinabaki 3.000: mama 1.000, wazazi wa marehemu 1.000, ndugu zake wote pamoja 1.000. Sasa linganisha na namna baba wadogo wanavyohesabu siku ya kuondoa kilio.

Tena, yule aliyebaki ana haki ya kukaa katika nyumba waliyoishi na kutumia vyombo vyake. Sheria inaita haki hiyo "usufruit". Haitegemei huruma ya mashemeji.

Karatasi ya ndoa

Hesabu hiyo yote inamlinda mama kama ndoa yake inajulikana kwa serikali. Na hapa ndipo wazee wengi wamekwama. Ng'ombe zilitoka, padri ao pasta alibariki, watoto wakazaliwa na kukua, lakini hakuna aliyekwenda kuandikisha ndoa etasivili. Wao wawili wanajua wameoana, kijiji kizima kinajua. Lakini mbele ya mtu mwingine anayemkatalia, mama atabaki na maneno tu.

Ndoa ya desturi inaweza kuandikishwa etasivili. Wazee waende wote wawili, pamoja na mashahidi wanaojua mambo ya mahari, wakiwa wangali hai. Karatasi hiyo pia inatafutwa kama muzee alifanya kazi ya mshahara na mjane anafuata pesa zake kwenye CNSS, ile tuliyoizoea kwa jina la INSS.

Na kama kuna nyumba ya pili? Tuseme wazi, maana iko katika jamaa nyingi. Sheria ya Kongo haitambui ndoa ya wake wengi. Mke wa pili ambaye hakuandikishwa hahesabiwi kama mjane, hata kama amekaa na muzee miaka ishirini. Watoto wake, kama muzee aliwatambua, wanarithi sawa na wengine.

Karatasi ya watoto

Kuzaliwa kwa mtoto kunatakiwa kuandikishwa ndani ya siku 90. Kwetu, vita na kukimbia vimefanya wengi wapite siku hizo bila kuandikishwa. Baada ya muda huo, njia ni kupitia tribinali kutafuta "jugement suppletif". Kwa mtoto wa nje ya ndoa, baba mwenyewe ndiye anasema mbele ya etasivili kwamba ni wake. Hilo ni neno la dakika chache kwa mtu aliye hai. Akisha kufa, yule kijana wa mlangoni atatafuta mashahidi na avoka, na ndugu zake watatumia pesa nyingi kumkataa.

Karatasi ya udongo

Hapa kuna makosa mawili.

La kwanza ni kufikiri kwamba karatasi ya kununua inatosha. Kulingana na sheria ya udongo ya 20/07/1973, udongo ni wa Serikali, na sisi tunapewa haki ya kuutumia. Haki hiyo juu ya parseli inahakikishwa na "certificat d'enregistrement" inayotoka kwa konservateri wa titre. Wazee wengi wana acte de vente ao fiche parcellaire tu. Hizo ni mwanzo wa njia. Mzazi akiwa hai anaweza kuendelea na njia hiyo kwa jina lake, maana yeye ndiye anajua alinunua kwa nani na mipaka iko wapi. Kijijini, kama vile Bushi ambako watu walipata shamba kwa kalinzi, hakuna certificat. Basi muandike majina ya waliokuwepo siku ya kalinzi, na muzee atembee mipaka pamoja na watoto wote na majirani. Shahidi naye anazeeka.

La pili ni kuacha jina la marehemu kwenye certificat miaka na miaka. Ili jina ligeuke, warithi wanapaswa kupata kwanza "ordonnance d'investiture" tribinali, halafu kwenda kwa konservateri. Mmoja akiuza mbele ya hapo, anauza kitu cha wote. Anayenunua naye ananunua kesi.

Tukumbuke pia kwamba kwetu karatasi zinapotea. Nyiragongo ilifunika sehemu kubwa ya Goma mwezi wa kwanza 2002. Maji ya Mulongwe yaliingia nyumba za Uvira mwezi wa nne 2020. Na moto wa Kadutu tunaujua. Piga kopi, uzihakikishe komini, moja ikae kwa mtoto anayeishi mji mwingine. Picha kwenye simu inasaidia kukumbuka namba, haichukui nafasi ya karatasi yenyewe.

Sasa testama

Sheria inakubali namna tatu. Ya kwanza inafanywa mbele ya notere ao ofisa wa etasivili. Ndiyo yenye nguvu zaidi, na inafaa mzazi asiyejua kuandika. Ya pili mzazi anaiandika yote kwa mkono wake mwenyewe, anatia tarehe na sahihi. Tarehe ikikosekana, ao mkono ukiwa wa mtoto, umefungua mlango wa kesi. Ya tatu ni ya mdomo, kwa mtu anayeona kifo kiko karibu, mbele ya mashahidi wawili wakubwa ao zaidi. Lakini hiyo ya mdomo ni kwa mambo madogo: mazishi, nani atalea watoto wadogo, vitu vya bei ndogo. Kwa hiyo yule anayesema "muzee aliniambia nyumba ni yangu" hata kama hasemi uongo, maneno hayo hayampi nyumba.

Testama pia ina mpaka. Mzazi hawezi kukata ile robo tatu ya watoto ili aipe mtu mwingine. Ila anaweza kuandika nani atasimamia ugawaji (sheria inamwita "liquidateur"), madeni yaliyopo, anataka azikwe wapi, na kitu kwa mtu ambaye sheria inamsahau, kama yule mama wa nyumba ya pili, ndani ya sehemu isiyo ya watoto. Kama hakutaja msimamizi, kazi inakwenda kwa mrithi mwenye umri mkubwa kupita wengine.

Kuna karatasi nyingine inayodanganya watu: procuration. Inakusaidia kumtembezea muzee mambo yake akiwa mgonjwa. Lakini procuration inakufa pamoja na aliyeitoa.

Namna ya kulianzisha neno

Ukimwuliza baba "utatuachia nini?" atakujibu: "Unataka nikufe mbio? Unahesabia mali yangu ningali nakula?" Na ana haki. Anza na mama: "Papa, siku haupo, mama atakaa wapi? Nani atamwonyesha karatasi?" Hilo swali muzee analipokea, kwa sababu linamhusu kama mume. Kwa mama mjane, anza na karatasi zinazooza sandukuni. Ao anza na zako: ukiwa umeandikisha ndoa yako mwenyewe, maneno yako yana uzito. Kama bado ni vigumu, tafuta rafiki yake wa rika, ao pasta, padri, imamu anayemheshimu.

Halafu linda jina lako. Usikae na muzee peke yako kuandika testama. Ita ndugu wote, na dada walioolewa, na yule aliye mbali aingie kwa simu. Testama ni neno la mzazi mwenyewe. Kazi yako ni kumpeleka, kulipa usafiri, kuomba risiti kwa kila pesa inayotolewa ofisini, na kungoja nje wakati anasema. Usingojee kitanda cha hospitali, maana testama ya mtu ambaye akili imeanza kupotea, ndugu wataipiga tribinali.

Na kama ugomvi umekwisha kuanza, mambo ya urithi yanaletwa kwanza tribinali ya amani (tribunal de paix). Baba wadogo wanaweza kupatanisha watu, na wengi wanafanya hivyo vizuri. Lakini hawana uwezo wa kumnyang'anya mjane ao mtoto kile ambacho sheria imempa.

Juma hili, mwenye mzazi amwombe kitu kimoja tu: afungue lile sanduku, muangalie pamoja kilichomo na kinachokosekana. Ili siku watu watakapouliza "karatasi ziko wapi?", mama ndiye ajibu, na ajue anasema nini.