Ukinzani, Mlaji Asiyeshitakiwa

Taa inapofifia saa mbili usiku katika nyumba za pembezoni mwa Sumbawanga, aghalabu utasikia watu wakisema umeme leo ni mdogo, kisha lawama zikagawanywa baina ya shirika, mwenye mashine ya kusaga, na, kwa wale ambao hawajaziacha dhana za kale, jirani mwenye husuda. Lakini ni nadra mno kumsikia mtu akiushitaki waya.

Wahunzi wa Kifipa wa zamani, wenyeji wa huko, wangelifahamu jambo hili, la njia kuzuia kipitacho, upesi kuliko sisi. Matanuri yao ya udongo, yaliyopita kimo cha mtu na kuitwa malungu, hayakuhitaji mivukuto: urefu wa tanuri wenyewe ndio uliovuta hewa kwa mirija iliyopangwa chini, na mirija ikiziba kwa taka za chuma, hewa ilipungua hata kama tanuri ni refu namna gani. Katika umeme, urefu huo ndio msongo, ambao hupimwa kwa volti. Hewa ipitayo ndiyo mkondo, ambao hupimwa kwa ampia. Na wembamba wa mirija ndio ukinzani, uliopewa kipimo cha omu kwa heshima ya Georg Simon Ohm, mwalimu wa Kijerumani aliyeichapisha kanuni yake mwaka 1827, kwamba mkondo ni msongo uliogawanywa kwa ukinzani.

Sasa na tutazame waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ulionyoshwa kutoka kwenye mita hadi chumba cha uani kilicho umbali wa meta 50. Kwa kuwa umeme huenda na kurudi, safari yake ni meta 100, na ukinzani wake wapata omu 1.2. Mpangaji akichomeka heta ya ampia 10 kwa ajili ya baridi ya Juni, volti 12 katika zile 230 huliwa njiani, na wati 120 hugeuka kuwa joto ndani ya ukuta, joto ambalo mita ya LUKU imekwisha kulihesabu.

Hayo nayo ni madogo mbele ya taksiri ya kiungo. Fundi husokota ncha mbili za waya kwa koleo, akazifunga utepe, akapiga plasta juu yake, na kazi ikahesabiwa imekwisha. Kumbe ncha hizo hazigusani kikamilifu, bali katika nukta chache tu, na mkondo wote hulazimika kujibana humo. Nukta zikapata moto, shaba ikashika kutu isiyopitisha umeme vizuri, kiungo kikitanuka kwa joto na kusinyaa kikipoa hata kikalegea, na kila kulegea kukazidisha ukinzani, na kila ukinzani ukazidisha moto. Omu moja ikiingia mahali pasipozidi ukucha, heta ile ile huwasha hapo karibu wati 100. Wala fyuzi haina msaada, maana fyuzi huangalia wingi wa mkondo, na kiungo kibovu hakiuzidishi mkondo bali huupunguza. Dalili ni tundu moja la soketi lililogeuka rangi ya kahawia, na harufu ya shombo katika nyumba isiyopika samaki. Nyumba ikiungua, husemwa ni hitilafu ya umeme, na aliyesokota waya hulala usingizi wake salama. Mimi naliona jambo hili kuwa ni dhuluma.

Joto la waya huongezeka kwa mraba wa mkondo, na hiyo ndiyo sababu umeme ambao Sumbawanga iliupokea kwa miaka mingi kutoka Mbala, Zambia, ulisafirishwa kwa msongo wa kilovolti 66: ukipandisha msongo mara 100 kwa nguvu ile ile, mkondo hupungua mara 100, na hasara katika waya ule ule hupungua mara 10,000. Chuma cha malungu, pamoja na sifa zake zote, kisingefaa kwa kazi hiyo, kwa kuwa ukinzani wake ni karibu mara sita ya ule wa shaba.

Ukinzani una kheri zake pia, ukiwekwa mahali pake: pasi, birika, jiko la koili, taa ya kuwatia joto vifaranga, kitufe cha sauti cha redio, fyuzi yenyewe.