Sindano za Wachina

Mtu aliyepata kuumikwa kwa chuku hatastaajabu sana akisikia ya kuwa Wachina huwatibu wagonjwa kwa kuwadunga sindano. Lakini sindano hizi hazipitishi dawa, wala hazikusudiwi kutoa damu; ni nyembamba mno, nazo huachwa mwilini kwa muda wa dakika 20 au 30, kisha huondolewa.

Elimu hii ni kongwe. Msingi wake umo katika kitabu Huangdi Neijing, kilichokusanywa yapata miaka 2,000 iliyopita. Humo yasemwa ya kwamba mwilini mna nguvu ya uhai iitwayo qi, ipitayo katika njia zake. Ikizuilika mtu huugua, na sindano huifungulia. Mwaka 1027 tabibu Wang Weiyi alitengeneza, kwa amri ya mfalme, masanamu mawili ya shaba yenye kimo cha mtu, yaliyotobolewa vitundu mahali pa kudungia. Yasimuliwa kuwa siku ya mtihani sanamu lilipakwa nta na kutiwa maji ndani. Mwanafunzi akidunga sawasawa maji yalitoka, akikosea hayakutoka. Hapo hapakuwa na kubahatisha! Hata hivyo, mwaka 1822 mfalme wa Wachina mwenyewe aliyafuta mafundisho haya katika chuo cha matabibu wake.

Huko Magharibi habari zilienea mwaka 1971, James Reston, mwandishi wa New York Times, alipopasuliwa kidole tumbo mjini Beijing. Wengi wakasimulia kuwa alipasuliwa kwa sindano hizo tu. Sivyo: alipigwa dawa ya ganzi, na sindano za Kichina alidungwa baadaye, tumbo lilipomsumbua.

Je, zafaa? Ujerumani yalitangazwa mwaka 2007 matokeo ya majaribio juu ya watu 1,162 wenye maumivu ya mgongo. Waliodungwa kwa kanuni za Kichina walipata nafuu 48 katika kila 100. Waliodungwa juujuu, mahali pasipo pake, 44. Waliotibiwa kwa dawa na mazoezi, 27. Basi kudungwa kwasaidia, ila zile njia za qi sioni kuwa zimethibitika. Wenye kipandauso nao aghlabu hupungukiwa na siku za kuumwa.

Lakini sindano haziui vijidudu vya malaria. Mama amchukuaye mtoto mwenye homa kwa mdungaji, asimpeleke kupimwa damu, amhatarisha uhai wake. Tena sindano iliyokwisha kutumiwa yaweza kuambukiza homa ya ini, na ya kifuani ikizama mno hutoboa pafu. Dai sindano mpya, ifunguliwe mbele ya macho yako. Na bibi aonaye haya ajue kuwa mahali pengi pa kudungia ni mikononi na chini ya magoti. Hapana haja ya kuvua nguo zote, na aweza kumtaka tabibu mwanamke.