Waliokwenda Aldabra Kuhesabu Kobe

Paukwa! Pakawa!

Wajukuu zangu, leo tunavuka bahari. Ukitoka pwani ya Tanzania ukashika njia ya mashariki, baada ya zaidi ya kilomita 600 utafika Aldabra, visiwa vya matumbawe vya Shelisheli. Vimejipanga kama pete, na katikati yake bahari huingia na kutoka kwa kujaa na kupwa. Maji ya kunywa ni ya taabu, na miamba yake mikali hukata soli za viatu. Ndiyo maana watu walikuwa wachache, wanyama wakasalimika.

Mwenye nchi ni kobe mkubwa. Dume lake huweza kupita kilo 200. Jamaa zake walikuwapo pia katika visiwa vya Morisi na Réunion. Mabaharia waliwapakia melini wangali hai, maana kobe hukaa miezi bila kula, wakawachinja hadi wakaisha. Aldabra pia yupo ndege mdogo mwenye koo jeupe asiyeweza kuruka, wa mwisho wa namna yake upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi.

Basi, katika miaka ya 1960 Uingereza, iliyokuwa ikitawala Aldabra, ilitaka kujenga huko kiwanja cha ndege za kijeshi. Wanasayansi walishtuka. Mwezi Agosti 1967 chama chao cha London, Royal Society, kilituma msafara ulioongozwa na David Stoddart, mtaalamu wa jiografia.

Walipiga kambi, wakagawana kazi: huyu mimea, yule wadudu, mwingine ndege. Kobe walipimwa magamba na kutiwa alama. Kwa nini alama? Sikilizeni. Ukitia alama kobe 100 kisha ukawaachia, ukarudi siku nyingine ukakuta katika kila kobe 10 mmoja tu ana alama, unajua wapo kama 1,000. Hivyo ndivyo wanyama wengi hukadiriwa bila kumfukuza kila mmoja porini.

Novemba 1967 serikali ya Uingereza ilifuta mradi ule. Fedha zilikuwa zimepungua, na kilio cha wanasayansi kilikuwa kimefika bungeni. Kazi ya msafara iliendelea hadi mwaka uliofuata. Mwaka 1971 kikajengwa kituo cha utafiti, na mwaka 1982 UNESCO ikaitangaza Aldabra Urithi wa Dunia. Leo kobe wake wanakadiriwa kuwa kama 100,000.

Ndugu zao wako karibu nasi, kisiwani Changuu, mbele ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Wazee wao waliletwa kutoka Shelisheli. Mkienda, msiwapande migongoni. Chukueni daftari, muandike wanakula nini, wanalala wapi, wangapi ni wadogo. Fanyeni hivyo pia kwa ndege na vipepeo wa kwenu. Kiumbe asiyejulikana hana wa kumtetea. Mjueni leo, ili kesho mumtetee.