Vifaa vya Kuchomelea kwa TIG na Majina Yake katika Ukanda wa Shaba

Kakanda, kaskazini-magharibi ya Likasi, ni mji uliozaliwa na machimbo. Huko, kama katika ukanda wote wa shaba wa Katanga, msamiati wa karakana ulitokana kwa kiasi kikubwa na Kifaransa tangu zama za Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ukaendelea hivyo chini ya Gécamines. Fundi hutamka poste, baguette na masque ndani ya sentensi ya Kiswahili bila kusita. Makala haya yanaeleza vifaa vya uchomeleaji wa TIG na jinsi majina hayo yaliyozoeleka yanavyoweza kumpotosha anayejifunza.

Njia hii ilibuniwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1940, pale Russell Meredith wa kampuni ya Northrop alipotafuta namna ya kuunga magnesi ya ndege. Katika ukanda wa shaba umuhimu wake una sababu nyingine: madini hulowekwa katika asidi ya sulfuriki, na mabomba ya chuma kisichoshika kutu huhitaji maungio safi yasiyopenyeza.

Chombo cha kwanza ni poste, yaani mashine ya umeme. Kwa chuma na kwa shaba hutumika mkondo mnyoofu, elektrodi ikiwa upande hasi. Kwa alumini hutumika mkondo geu, ambao huvunja utando wa oksidi juu ya metali. Mashine isiyotoa mkondo geu haiifai alumini, hata iwe na nguvu kiasi gani.

Utata wa majina huanza kwenye baguette. Katika uchomeleaji wa kawaida wa umeme, baguette ni elektrodi yenyewe: hupitisha umeme, huyeyuka, na hujaza ungio. Katika TIG kazi hizo zimegawanyika. Elektrodi ni ya tungsteni, metali inayoyeyuka kwenye nyuzi 3,422 za Selsiasi, nayo haikusudiwi kuyeyuka. Ujazo hutoka katika ufito wa pembeni unaoshikwa kwa mkono wa pili. Mwanafunzi akiambiwa "leta baguette" ana haki ya kuuliza ni ipi. Yafaa basi neno elektrodi libaki kwa tungsteni, na ufito wa kujazia upewe jina lake. (Elektrodi zenye asilimia 2 ya thori zina mnururisho, na vumbi la kuzinoa halifai kuvutwa, zenye lanthani hazina dosari hiyo.)

Torche nayo ina maana mbili, kama tochi ya Kiswahili ilivyo taa ya mkononi. Hapa ni kishikio kinachobana elektrodi na kupitisha gesi kwenye mdomo wa kauri. Barakoa yenye kioo cheusi, glavu laini za ngozi na nguo za pamba hazina utata wa jina.

Lakini neno lenye hatari ni gaz. Aliyejifunza kwanza kwa oksijeni na asetilini anajua kwamba gesi ndiyo moto. Katika TIG gesi haiwaki kamwe. Agoni, inayotoka mtungini kupitia kidhibiti shinikizo na kipimo cha mtiririko, mara nyingi lita 6 hadi 12 kwa dakika, hufukuza hewa tu ili metali iliyoyeyuka isiungane na oksijeni. Anayeamini kuwa gesi isiyowaka haina madhara hukosea vibaya. Agoni haina rangi wala harufu, tena ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani ya tangi hutuama chini, mahali hasa fundi anapoinama. Oksijeni ikipungua chini ya asilimia 10 mtu huzimia upesi, na hakuna dalili inayomwonya. Hatari huzidi pale agoni inapojazwa makusudi ndani ya bomba ili kulinda upande wa nyuma wa ungio.

Kwa hiyo "gesi kinga" peke yake haitoshi kuwa istilahi, kwa kuwa kinachokingwa ni metali, si mtu. Katika mafunzo ni afadhali mtungi uitwe kwa jina la kilichomo, agoni, na mlango wa tangi uandikwe kwa Kiswahili cha mahali hapo kwamba ndani hewa inaweza kukosekana.